Sehemu ya Kumi na Tatu

Siku zile ndege tuliiita ndeke,
na ndeke ni kila chenye mabawa,
kwa hiyo sisi watoto hatukutenga
kipanga aliyezunguka juu ya kuku wa mama
na ile mashine ya senema
iliyonguruma bila sauti.

Jumamosi, jua likizama nyuma ya bomba la moshi wa shaba,
uwanja wa kambi, Lubumbashi.
Shuka mbili za hospitali zimeshonwa katikati,
na mshono ulimpita rubani usoni
kila aliposimama kupima upepo.
Mwanamke. Kofia ya ngozi, miwani kama macho ya bundi.
Jina lake lilikuwa refu, la kutafuna;
tukamwita Mama Ndeke, likamtosha.

Baba mkubwa Kyungu alisimama kando na ufito
akitusomea maandishi.
Kifaransa chake kiliishia darasa la pili,
basi palipoandikwa mapenzi alisoma deni:
"Anasema, ule mfuko wa unga wa mwezi jana,
utaulipa lini, bwana?"
Watu hoi kwa kicheko.
Padri akainama kukagua mashine,
akidhani imekwama.

Na kila mara, mwisho kabisa,
waya umekatwa na mhaini,
ndeke inachovya pua,
ardhi inapanda kama maziwa sufuriani,
halafu giza.
Herufi nyeupe. Hizo Kyungu hakuzisoma.
Alisema tu: "Jumamosi."

Baba yangu, Kabange, pacha wake,
alipanda lori la zamu la Kipushi:
wiki hii usiku, wiki ijayo mchana.
Akaona wokovu wa ajali asizoziona,
na ajali ambazo wokovu wake ulimpita akiwa chini ya ardhi.
Alfajiri, kabla ya kuvua viatu, aliuliza,
"Amepona vipi?"
Na Kyungu hakumjibu mara mbili jibu moja.
Mara alidaka tawi. Mara mawingu yalikuwa mazito, yakambeba.

Mimi nilipanda kichuguu nyuma ya vyoo,
kirefu kuliko nyumba yetu,
nikafunga magunia mawili mabegani.
Kovu liko hapa, kidevuni.
Mama alilisugua kwa chumvi
wala hakuuliza nilikuwa naelekea wapi.

Mwezi wa kumi, mvua bado,
kizimba cha shimoni kilikwama katikati ya njia,
watu kumi na wanane,
waya mmoja ukilia kama zeze.
Mmoja alisali. Mmoja aliitukana kampuni, ukoo mzima.
Ndipo baba, gizani, kwa sauti ya kaka yake:
"Jumamosi."
Walicheka hadi kizimba kikayumba,
hadi mzee Mwansa akawaomba, kwa machozi,
jamani, nyamazeni, tutakufa.
Saa tisa walikaa pale.
Alipotoka alidai uji kwanza.

Sehemu ya kumi na tatu haikufika.
Wengine walisema imezuiliwa forodhani Sakania,
wengine, jua limeiyeyusha ndani ya behewa.
Padri alihamishwa. Shuka zikarudi kwa wagonjwa,
mshono zikiwa nao.
Mama Ndeke tulimwacha pua chini, juu ya mto,
nywele moja imemtoka kofiani.

Tulimsihi Kyungu miaka na miaka.
Yeye aliyetunga deni, tawi, mawingu,
hiyo moja alikataa kuitunga.
"Jumamosi ile ilikuwa zamu ya Kabange kuona,"
alisema. "Nisimwibie."
Wote wawili wamelala sasa makaburini,
mkubwa na mdogo wake wa robo saa.

Nakaa karibu na uwanja wa Luano.
Ndeke ikiinamisha pua kuelekea lami
naacha sombe motoni, natoka nje,
mkono kidevuni, mpaka magurudumu yaguse.
Mjukuu ananivuta kitenge:
"Koko, unangoja nani?"
Namwambia leo ni Jumatano.